Mkereketwa si mpambe, wala si chawa

Msemaji akipanda jukwaani katika mkutano wa hadhara wa chama cha siasa hapa Tanzania, husalimia kwa ngazi. Huanza na viongozi wa meza kuu, akashuka kwa wanachama, halafu wapenzi, wakereketwa na mashabiki, na mwisho kabisa wananchi waliokuwa wakipita njia wakasimama kusikiliza. Orodha hiyo imekaririwa kiasi kwamba hakuna anayeuliza kwa nini mkereketwa anatajwa nyuma ya mwenye kadi, wala anatofautiana vipi na mpenzi aliyemtangulia au shabiki anayemfuata. Waandishi wa habari nao wamelibeba neno hilo jumlajumla. Aliyevaa fulana ya chama ni mkereketwa, aliyeletwa uwanjani kwa lori ni mkereketwa, aliyerushiana ngumi na mwenzake nje ya kituo cha kura ni mkereketwa, na kijana anayelipwa kumsifu kiongozi mtandaoni kutwa nzima naye ataandikwa hivyohivyo. Nadhani tunakosea, na kosa lenyewe si la msamiati peke yake. Neno hili lina maana yake, watu wa mitaani bado wanaijua, na tukiendelea kulivuruga tunajinyima kipimo cha kujua kama chama kina watu au kina umati tu.

Tuanze na kitenzi. Tumbaku kali hukereketa koo, na moshi wa pilipili iliyoungua kikaangoni hukereketa vilevile. Anayekereketwa hakuchagua, amefikiwa na jambo, nalo halimpi raha mpaka akohoe. Ndipo ikazaliwa maana ya pili, ya mtu anayeguswa mno na jambo la watu hata hawezi kukaa kimya. Umbo la neno linaishikilia maana hiyo. Mfungwa amefungwa, mtumwa ametumwa, mpendwa anapendwa, na mkereketwa amekereketwa. Ukisema fulani ni mfungwa, msikilizaji atataka kujua kafungwa kwa kosa gani. Ukisema fulani ni mkereketwa, uwe tayari kueleza kakereketwa na nini. Mfuasi hadaiwi jibu hilo, maana yeye anafuata tu. Mpambe kazi yake ni kupamba, na neno hilohilo ndilo tunalomwita ofisa wa jeshi anayesimama nyuma ya Rais. Yuko pale kwa sababu ya mkubwa wake, basi. Shabiki tumemzoea viwanjani. Mnazi wa Yanga au wa Simba hahitaji sababu yoyote, timu ikifungwa mabao matano bado ni yake, na akihama mtaa mzima utamcheka. Mkereketwa ana jambo, na kwa kuwa ana jambo, ana masharti. Chama kikilitupa jambo lake, yeye hupoa, au hulibeba na kulipeleka kwingine. Ndiyo maana wapenzi wa lugha, Kenya hasa, husema bila tabu kwamba fulani ni mkereketwa wa Kiswahili. Hakuna kadi ya Kiswahili wala mwenyekiti wa kuamkiwa, kuna jambo linalomwasha mtu.

Harakati za uhuru wa Tanganyika zilisimama juu ya watu wa aina hii kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, karani wa boma na mwalimu wa shule ya serikali, yaani wale hasa waliokuwa na elimu ya kuandika barua na kusoma sheria, hawakuruhusiwa kuchukua kadi. Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, shule ya misheni, na bado mwaka 1955 ilimlazimu achague kati ya darasa na siasa. Akaacha darasa. Wengi hawakuweza kuacha mshahara, na majina yao hayamo katika daftari lolote la chama, lakini huwezi kueleza TANU ilivyoenea haraka vile bila kuwahesabu. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, ambaye alikuwa mwimbaji kinara katika kikundi cha ngoma cha wanawake, aliwaendea wenzake kupitia vikundi hivyohivyo, na katika muda mfupi wa mwaka 1955 maelfu ya wanawake wakawa wamejiandikisha. Wanawake hao hawakuanza kuchukia kuamuliwa na wageni siku waliyopokea kadi. Kadi iliwakuta na uchungu wao.

Mambo yaligeuka baada ya uhuru. Katiba ya muda ya mwaka 1965 iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kila upande wa Muungano, TANU bara na ASP Zanzibar, na vyama hivyo vikaungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Katika miaka hiyo kadi iliacha kuwa ushahidi wa moyo ikawa cheti cha kuingilia mlangoni, kwa sababu uongozi wote wa nchi ulipita humo. Ukawa na nchi yenye wanachama wengi mno na njia chache za kujua nani anaamini na nani anajilinda. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni, ilikuta takribani asilimia 80 ya waliosikilizwa wanataka chama kimoja kiendelee. Namba hiyo hutajwa kila mara, mara nyingi kwa kejeli, kwamba mageuzi yaliletwa na wachache. Kinachosahaulika ni kwamba wengi kati ya hao waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe kwa kina. Nikitafutiwa picha halisi ya mkereketwa, nitaichukua hapo: mtu anayetaka chama chake kibaki, na papo hapo ana orodha ndefu ya yanayomkera ndani yake. Tume ilisoma orodha hiyo pamoja na ile asilimia, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Katika zama hizi za ushindani neno limepata hata makao. Nenda kwenye kijiwe cha bodaboda mji wowote wa bara utaona mlingoti wa mwanzi, bendera ya kijani iliyopauka kwa jua, benchi la mbao chini ya mwarobaini na kibao kilichopakwa rangi kwa mkono kinachotangaza kwamba hapo ni shina la wakereketwa. Vyama vya upinzani navyo vimekuwa na vituo vyao vya aina hiyo, na Zanzibar maskani ya Kisonge pale Michenzani na baraza la Jaws Corner katika Mji Mkongwe vina majina kuliko ofisi nyingi za serikali. Siku ya kuzindua shina, mgeni rasmi huja, hupandisha bendera, hugawa kadi kwa wanachama wapya, kisha husomewa risala. Hiyo risala ndiyo ya kutega sikio. Vijana wakishamaliza salamu na pongezi huanza kueleza kwamba kituo chao hakina kivuli, kwamba wanakamatwa barabarani ovyo, kwamba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri wameiomba wakazungushwa. Mgeni rasmi huahidi mabati, hutunisha mfuko wa kikundi, hupiga picha na kuondoka. Kesho yake habari ni kwamba shina limezinduliwa na wanachama wapya wamepatikana. Risala, ambayo ndiyo kilichowakereketa mpaka wakakubali kuweka jina lao chini ya bendera, haiandikwi na yeyote.

Gharama ya kutosoma risala huonekana kwenye sanduku la kura. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alipata zaidi ya kura milioni 9.1, ushindi wa asilimia 80. Miaka mitano baadaye mgombea yuleyule, kwa chama kilekile, akiwa madarakani, alipata takribani milioni 5.3. Karibu kura milioni 3.8 zilipotea, tena wakati daftari la wapiga kura lilikuwa limekua kutoka majina milioni 16 hadi milioni 20. Mtu atasema zilikwenda upinzani. Hazikwenda huko, au tuseme sehemu ndogo tu ndiyo iliyokwenda: wagombea wote wa upinzani kwa pamoja waliongeza kura zisizofika milioni moja. Mtu mwingine atasema daftari la mwaka 2010 lilikuwa na majina ya marehemu na waliohama, na huenda lilikuwa nayo, lakini kura zilizopotea ni kura za watu waliopiga kweli mara ya kwanza, hazitegemei daftari. Mamilioni ya watu waliokuwa na chama mwaka 2005 walibaki nyumbani mwaka 2010. Wala kwa macho hukuona upungufu wowote. Viwanja vilijaa, fulana na kofia ziligawiwa, kanga zilivaliwa. Kama kila aliyevaa kanga ni mkereketwa, basi tulikuwa na wakereketwa wengi kuliko wakati wowote, na hesabu haifungi. Kadi haikupungua, kanga haikupungua. Kilichopungua ni kitu ambacho hatuna jina jingine la kukiita.

Upinzani haujanusurika na somo hilo. Mwaka 1995 Augustino Mrema, aliyekuwa waziri maarufu wa Mambo ya Ndani, aliiacha CCM akagombea urais kupitia NCCR-Mageuzi. Watu walizima gari lake wakalisukuma barabarani kwa mikono. Picha hiyo imebaki katika kumbukumbu ya siasa zetu, na matokeo rasmi yalimpa asilimia 27 na ushei dhidi ya 61 za Benjamin Mkapa. Kwa chama kilichokuwa na miaka mitatu hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na sisemi kwamba waliosukuma gari walikuwa waigizaji. Walikuwa wamekereketwa kwelikweli, na rushwa na ugumu wa maisha wa miaka ile. Ila viongozi wao waliwasoma vibaya. Walidhani umati ule ni mali yao, wakaanza kuugombania wenyewe kwa wenyewe, hadi mwaka 1999 Mrema akahamia TLP akiamini watu watamfuata. Uchaguzi wa mwaka 2000 ulimpa chini ya asilimia 10, na NCCR-Mageuzi iliyokuwa na wabunge 16 wa majimbo ikabaki na jimbo moja. Kilichowasukuma watu mwaka 1995 hakikuwa kimekwisha. Hakukuwa tena na gari la kusukuma ambalo wangeamini linakwenda wanakotaka.

Sasa tufike kwa chawa. Neno hilo lilisikika sana kwanza kwa wapambe wa wasanii wa Bongo Fleva, wale wanaomzunguka staa, wakamsifia, wakala naye. Siasa ikaliazima, na tusi likageuka cheo: leo wapo wanaojitambulisha hadharani kuwa chawa wa Mama, yaani wa Rais, na fulana za maandishi hayo zimeshonwa. Aliyelileta neno hili mjini alikuwa na jicho kali. Chawa huishi juu ya mwili wa mwingine na hana habari mwili huo unaelekea wapi, maadamu damu ipo. Na hapo anayewashwa si chawa, ni mwenye mwili. Hakuna tofauti kubwa zaidi ya hiyo. Mkereketwa huwashwa yeye, kwa niaba yake na ya wenzake, na huweza kumwambia kiongozi maneno mazito kwa sababu anachokitaka si kiongozi. Chawa hawezi, kazi yake ingekwisha siku hiyohiyo. Kati ya mwaka 2017 na 2019 tulishuhudia wabunge na madiwani wa upinzani wakijiuzulu kwa maelezo ya kuunga mkono juhudi za Rais wa wakati huo, na baadhi yao wakarudi kwa wapiga kura walewale kwa tiketi ya CCM. Mbunge wa Kinondoni aliyechaguliwa kupitia CUF mwaka 2015 alijiuzulu Desemba 2017 na Februari 2018 alikuwa mbunge tena, safari hii wa chama tawala. Inawezekana kabisa mtu akabadili mawazo kwa dhati. Lakini aliyebadili mawazo hueleza lililokuwa likimkera lilivyopata dawa. Maelezo mengi tuliyosikia yalitaja jina la mtu, na hayakwenda mbali zaidi ya jina.

Siwadharau vijana waliomo katika kazi hiyo. Kijana aliyemaliza chuo akakaa miaka bila ajira, akaona mwenzake amenunua gari kwa kusifia, hatakuwa na masikio ya kusomewa maana ya maneno. Aliyetengeneza soko hilo ndiye wa kuulizwa. Mwaka 2000 Bunge liliweka katika sheria ya uchaguzi ruhusa ya takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa jadi, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Sheria ilikufa, tabia ikabaki. Ukizoea kununua umati, utafika siku usiweze kuutambua ule usiouzwa, na hata ukiutambua utauogopa.

Nimesikia pingamizi kwamba lugha ni ya wasemaji, na kama wasemaji wameamua mkereketwa ni yeyote wa upande wa chama, mwandishi wa gazeti ni nani awapangie. Kanuni hiyo naikubali, ila ushahidi unaiangusha hoja yao. Wasemaji hawakuridhika na mkereketwa wa kila kitu. Walipoona namna mpya ya watu wa chama, walitafuta neno jipya, chawa, na kabla yake walikuwa na kada kwa aliyepikwa kiitikadi katika vyuo kama Kivukoni, mpambe kwa mtumishi wa mkubwa, na mnazi kwa asiyebadilika hata umpige mawe. CHADEMA walijitafutia kamanda. Mtaa umegawa kazi vizuri kabisa. Anayemwita mpambe mkereketwa ni mtu wa jukwaani anayetaka kumpandisha hadhi mtu wake, na mwandishi anayenakili bila kufikiri.

Pingamizi zito zaidi linatoka Zanzibar. Mtu ataniambia kwamba ninawasifu watu hatari, kwamba mwenye kadi asiye na hisia ni jirani bora kuliko mkereketwa anayewaka. Uchaguzi wa rais wa Zanzibar wa mwaka 1995 ulimpa Salmin Amour wa CCM ushindi dhidi ya Seif Sharif Hamad, Maalim Seif, wa CUF kwa tofauti ya kura zisizofika 2,000, matokeo ambayo CUF iliyakataa, na katika miaka iliyofuata, Pemba hasa, watu walisusiana dukani na hata misibani kwa sababu ya chama. Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi. Siwezi kuyapunguza hayo, wala sitasema kwamba waliosusiana hawakuwa wakereketwa wa kweli ili hoja yangu ikae sawa. Walikuwa wao. Tuangalie basi kilichotokea jambo lililowakera lilipoguswa. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Maalim Seif walikutana na kukubaliana, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66 walisema ndiyo, na uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ukapita kwa utulivu ambao visiwa havikuwa vimeuzoea. Waliopiga kura ile ni watu wa maskani na mabaraza yaleyale. Mnazi wa mpira huwezi kumtuliza kwa kumgawia nusu ya kombe, lakini mkereketwa alitulia alipoona sababu ya kutulia. Hatari ya Zanzibar ilitoka kwenye mfumo uliomwachia mtu mwenye malalamiko ya haki barabara moja tu ya kuyapeleka. Tena Machi 2019, Maalim Seif alipoondoka CUF kwenda ACT-Wazalendo, bendera zilishushwa na ofisi zikapakwa rangi mpya kwa siku chache. Wapo waliosema hao ni wafuasi wa mtu. Maalim alifariki Februari 2021, na chama alichohamia hakikuporomoka kama NCCR ilivyoporomoka, kwa sababu madai ya Zanzibar yalikuwapo kabla yake.

Lipo pia pingamizi la wanachama wenyewe, nalo ni la haki. Mwenye kadi analipa ada, anahudhuria vikao vinavyoanza saa nne badala ya saa mbili, anafungwa na katiba ya chama na anaweza kuadhibiwa. Asiye na kadi anapiga kelele bila kuwajibika kwa lolote. Kwa nini asikilizwe? Jibu la kwanza ni kwamba Katiba ya nchi haitaki kila mtu awe na kadi. Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Ibara ya 147 inamkataza askari kujiunga na chama cha siasa lakini inamwachia haki yake ya kupiga kura, na jaji naye yuko katika hali hiyohiyo. Maana yake Katiba inamtambua raia mwenye upande moyoni na asiye na kadi mfukoni, na inamwamini na kura. Jibu la pili ni kwamba kadi haithibitishi tunachodhani inathibitisha. Mwaka 2021 Wakenya waliopewa nafasi ya kukagua usajili wao mtandaoni walikuta, wengi wao kwa hasira, wameandikishwa katika vyama ambavyo hawajawahi kuvikaribia. Orodha ilikuwa ndefu na watu hawakuwamo.

Hata hivyo sheria zetu zinamtambua huyu raia nusu tu. Anaweza kuchagua, hawezi kuchaguliwa. Ibara za 39 na 67 zinamtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga hali hiyo mahakamani kwa miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mtikila alifariki mwaka 2015 bila kuona hukumu hiyo ikitekelezwa. Mwenye jambo linalomkereketa, kama halina chama, hana budi kuliingiza katika mkoba wa wenye kadi, na wenye kadi ndio wanaoamua lifunguliwe lini. Mbunge akivuliwa uanachama hupoteza na kiti, hata kama waliomchagua wengi wao hawana kadi ya chama chochote. Ukiwa na mpangilio huo, usishangae chama kikijali zaidi mlinzi wa mlango kuliko wanaosubiri nje.

Ninachokiomba ni kidogo, na ninakiomba kwanza kwa wenzangu wa vyumba vya habari. Ukikuta watu wamejaa uwanjani na bendera, usiandike wakereketwa mpaka umeuliza watatu au wanne kilichowaleta. Akikutajia maji, ardhi, bei ya korosho, kura iliyoibwa au katiba mpya, umempata mkereketwa, mwandike hivyo na uandike na hilo jambo. Akikutajia jina la mtu na asiwe na la kuongeza, muite mfuasi. Akisema anasubiri posho ya nauli, andika kwamba alikuwa anasubiri posho ya nauli. Na nyinyi makatibu wa vyama, ile risala inayosomwa siku ya kuzindua shina msiiache mezani pamoja na chupa tupu za maji. Ichukueni, iwekeni tarehe, na mrudi kabla ya uchaguzi kueleza mmefanya nini.